Frezi za Nyawera: nunua tunda lenyewe, iache chupa ya "kusafisha ini"

Asubuhi pale soko la Nyawera, katikati ya lenga-lenga (mchicha), karoti na vitunguu, kuna vitunga vinavyonukia kabla hujaviona. Ni frezi, zile ambazo wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaita stroberi, zimeshuka na wamama kutoka upande wa Kabare. Zamani tulizinunua kwa sababu ni tamu, basi. Siku hizi zinauzwa pamoja na ahadi: zinaondoa kitambi, zinasafisha ini. Mimi kazi yangu ni ya labo (maabara), kwenye kituo kimoja cha afya hapa Bukavu. Karatasi za GOT na GPT, vipimo vya damu vinavyoonyesha hali ya ini, zinapita mikononi mwangu kila siku ya kazi, na wagonjwa wameanza kuniuliza kama waache dawa za daktari wanywe juisi ya frezi. Swali hilo ndilo limenifanya niandike. Nimenunua frezi mbichi, nimenunua juisi ya chupa, nimenunua na konfitiri (jemu), na kila kimoja nina neno lake.

Nianze na mbichi, maana ndizo ninazozipenda.

Mama ninayenunua kwake anatandika majani ya mgomba ndani ya kitunga na kuzipanga kwa tabaka chache, za chini zisipondwe na za juu. Ni ndogo, nyingi hazizidi fundo la kidole gumba. Usitegemee yale madude makubwa ya kwenye picha. Lakini ukiikata moja ni nyekundu hadi katikati, na utamu wake una ukali kidogo unaobaki ulimini. Kwa wauzaji wengine nimekuta kubwa, nyeupe mabegani, zimejaa maji, haswa wakati mvua haipumziki. Hizo sizipendekezi kwa mtu. Njia ya kujua ni kuangalia kikonyo. Majani yake yakiwa ya kijani na yamesimama, imechumwa jana jioni au alfajiri. Yakiwa yamenyauka, pita. Na kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akupindulie sahani. Ukungu wa kijivu unaanzia chini, na moja ikishaupata, zinazoigusa zimeshaupata pia hata kama bado hazionyeshi.

"Mama, hizi ni za leo?" namuuliza kila mara.

"Ni za leo, mama. Kama ni za jana nitakuambia, nikupunguzie bei."

Na anafanya hivyo kweli. Kuna asubuhi aliniambia mwenyewe, "Leo usichukue, mama, mvua ilizipiga, utakuja kunisema." Muuzaji wa namna hiyo ni nusu ya ubora wa bidhaa, na ndiyo sababu simwachi hata nikimkuta jirani yake ana bei ya chini.

Sahani iliyojaa, ambayo kwenye mizani ya jikoni kwangu inakaribia gramu 300, huwa ni 2000 franka. Mvua ikizidi inapanda hadi 3000, na katikati ya kiangazi kuna siku huzipati kabisa. Si chakula cha bei ya chini kwa familia ya watoto wengi, nalijua hilo. Udhaifu wake mwingine ni kwamba hazingoji. Umeme ukikatika usiku, asubuhi zimelegea na kuanza kunuka kama kasiksi, pombe ya ndizi. Nunua za kula siku hiyohiyo.

Sasa kitambi na ini.

Mgonjwa anakuja na karatasi ya ekografi (picha ya ultrasound ya tumbo) imeandikwa kwamba ini lina mafuta, na macho yake yanaonyesha hofu. Wengi wanadhani ni ugonjwa wa walevi peke yao. Pombe inaweza kabisa kuleta ugonjwa huo, ila siku hizi nawaona watu wasiogusa hata bia moja ya Primus. Wanakaa kutwa nzima, wamenenepa tumboni, wanakunywa sukre, yaani soda, asubuhi na jioni, chai yao ina vijiko vinne. Sukari ya dukani, nusu yake ni fruktozi, na fruktozi nyingi inashughulikiwa na ini. Ikizidi mahitaji, ini linaigeuza kuwa mafuta, na mengine yanabaki hapohapo. Halafu miaka inapita bila maumivu yoyote. Hata GPT inaweza kuwa ya kawaida wakati mafuta yapo, kwa hiyo mtu asiringe kwa karatasi yangu moja.

Dawa ya kwanza ya hali hiyo inajulikana, na haiuzwi kwenye chupa. Ni kupunguza uzito taratibu. Mtu akipoteza asilimia 5 ya uzito wake, mafuta ya ini yanapungua. Akifika asilimia 7 hadi 10, hata uvimbe wa ini unaoletwa na mafuta hayo unaanza kutulia. Kwa mtu wa kilo 90 tunazungumza kilo nne na nusu kwa hatua ya kwanza. Frezi zinaingia hapo, na zinaingia kwa heshima: gramu 100 zina kilokalori 32 hivi, sehemu kubwa ni maji, zaidi ya asilimia 90. Sahani yangu nzima ya gramu 300 haifiki kilokalori 100. Ina gramu 6 za nyuzinyuzi zinazokufanya uhisi umekula, na vitamini C inayozidi mahitaji ya mtu mzima kwa siku nzima. Ile soda ya mililita 330 ina sukari ya gramu 35 au karibu yake, kilokalori kama 140, na baada ya nusu saa njaa imerudi.

Kwa hiyo nikisema frezi zinasaidia, ninamaanisha hasa zikikaa mahali pa kitu kingine. Ukila mandazi yako matatu, ukanywa sukre yako, halafu ukaongeza frezi juu, umeongeza chakula tu.

Kuna watu waliopima jambo hili vizuri kuliko sisi wa labo ndogo. Ufini, nchi ambayo watu wanachuma beri, vitunda vidogo vya porini, kila mwaka, watafiti walichukua wanawake 61 wenye uzito uliozidi, wote wakafundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi, na kundi moja likaongezewa beri kiasi cha gramu 163 kwa siku kwa wiki 20. Matokeo yalitoka mwaka 2010. GPT ya kundi la beri ilishuka kwa asilimia 23, kushinda kundi lililokosa beri. Hiyo ndiyo habari ambayo wauzaji wa juisi wangeipenda. Lakini angalia namba zenyewe kama ninavyoziangalia mimi: ilitoka 20 ikafika karibu 16. Nikipata 20 kwenye labo naandika "kawaida". Nikipata 16 naandika "kawaida". Ni dalili nzuri, inatia moyo, na wale wanawake hawakuwa wagonjwa wa ini waliopona. Tena beri zao zilikuwa za kaskazini, aina zisizofika kwetu. Si frezi.

Kuhusu kilo, Wamarekani walifuatilia watu zaidi ya 130,000 kwa muda unaofika miaka 24, wakaandika mwaka 2015. Kila walipoongeza fungu moja la beri kwa siku, uzito wao baada ya miaka minne ulikuwa pungufu kwa kama nusu kilo ukilinganisha na wasioongeza. Nusu kilo, miaka minne. Naiandika mara mbili ili mama anayesubiri kitambi kiondoke kabla ya harusi ya mtoto wake aisikie vizuri. Ni faida ndogo, ya polepole, na mimi naiheshimu kwa sababu ni ya kweli. Uzito wetu wengi haukuja kwa mwezi mmoja; uliingia kidogokidogo kila mwaka, na kitu kinachouzuia kidogokidogo kila mwaka kina thamani. Wanasayansi wanaishuku sana ile rangi yenyewe, antosianini, inayozifanya frezi kuwa nyekundu na beri nyingine kuwa nyeusi au bluu. Ndiyo maana nakwambia chagua iliyoiva hadi ndani.

Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, anaishi Muhumba, anafanya biashara ya vitenge, anakaa dukani tangu asubuhi. Ekografi yake ilionyesha mafuta kwenye ini, na GPT yake nilipoipima ilikuwa juu ya mpaka. Aliacha sukre ya saa kumi, akaweka frezi wakati zipo na papai wakati hazipo. Akaacha pia kupanda moto-taksi kutoka Nyawera. Anarudi nyumbani kwa miguu. Bugali ya jioni aliipunguza, sombe (majani ya muhogo) akaiongeza. Baada ya miezi kadhaa GPT imerudi ndani ya mpaka na nguo zake zimelegea kiunoni.

"Umeona frezi zako?" aliniambia, ameshika karatasi.

"Nimeona miguu yako pia, yaya. Usiache kutembea."

Alicheka, lakini nilikuwa namwambia kwa moyo wote. Akitembea bila frezi, bado angepata faida. Akila frezi akirudi kwenye moto-taksi na sukre, sioni karatasi ile ingebadilika namna gani.

Haya, chupa. Duka lenyewe silitaji, liko kwenye barabara kubwa na linapendeza, friji safi, kijana wa pale ana adabu. Juisi ya frezi inauzwa kwa chupa ya nusu lita, 4000 franka, na karatasi iliyobandikwa inasema inasafisha ini, inayeyusha mafuta ya tumbo, inafaa kunywewa mara mbili kwa siku. Ladha yake ni nzuri, sitasema uongo. Ni tamu mno, ikibaki mdomoni inanata. Niligeuza chupa kusoma: maji, sukari, frezi, kwa mpangilio huo. Sikuona kiasi, basi nikamuuliza.

"Ndugu yangu, bidoni moja ya lita ishirini mnaweka sukari ngapi?"

"Kilo mbili na nusu, mama. Ukipunguza, wateja wanasema ni maji."

Alijibu bila kuficha, na kwa hilo namshukuru. Piga hesabu nami. Kilo mbili na nusu ndani ya lita ishirini ni gramu 125 kwa lita. Chupa ya nusu lita ina gramu 62 na zaidi, kabla hata hujahesabu sukari ya tunda lenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwenye chakula, na linasema ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Chupa moja imepita kiasi hicho mara mbili. Ukifuata karatasi ukanywa chupa mbili, umemeza sukari gramu 125 kwa siku moja, kwa jina la kusafisha ini ambalo huenda lilijaa mafuta kwa sukari hiyohiyo. Na kwa kuwa juisi imechujwa, nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwenye kitambaa cha kuchujia. Mtu mwenye kisukari akiinywa kama dawa anaweza kuletwa kwetu kwa machela.

Ini halisafishwi kama sufuria. Linafanya kazi ya kusafisha lenyewe, usiku na mchana, na tunachoweza kulifanyia ni kuliondolea mizigo: sukari, pombe, kilo za ziada, dawa za maumivu tunazomeza ovyo, mitishamba isiyojulikana kipimo. Mwenye hepatiti B au C ndiye namwonea huruma zaidi kwenye biashara hii, maana kile ni kirusi, na hakuna tunda la rangi yoyote linalokitoa. Nimewahi kukutana na mgonjwa aliyekosa kurudi kliniki akiamini chupa zile zinatosha. Kama una hepatiti, endelea na daktari wako, na watoto wapelekwe kupata chanjo zao za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, maana kinga ya hepatiti B imo ndani yake.

Nilimwambia yule kijana atengeneze chupa isiyo na sukari, aisage bila kuichuja, aiuze kwa jina la frezi tu. Alisema atamuuliza mwenye duka. Karatasi ile ikibanduliwa na sukari ikitolewa, nitainunua tena kwa furaha, kwa sababu mikono yao ni misafi na tunda wanalotumia ni zuri.

Konfitiri haina mengi. Nusu yake au zaidi ni sukari, ndivyo konfitiri inavyotengenezwa isiharibike, na niliyoinunua ilikuwa ya mama mmoja anayeipika nyumbani, nzito, yenye vipande. Kijiko kimoja juu ya mkate Jumapili, hakuna tatizo. Hajaandika popote kwamba inaponya kitu, na nampenda kwa hilo.

Jambo ambalo sioni mtu akilisema sokoni ni kuosha. Frezi inakua karibu na udongo, ngozi yake ina vishimo, haimenywi, na tunaila mbichi. Mbolea ya kinyesi, maji machafu ya kumwagilia, mikono ya njiani, vyote vinafika mdomoni. Hapa Kivu tunaishi na kolera miaka yote, hilo halihitaji maelezo. Ila kuna na hepatiti A, ugonjwa unaoshika ini lenyewe, na frezi zimeshausafirisha kwingine: mwaka 1997, Michigan, Marekani, frezi zilizogandishwa ziliwaambukiza watu zaidi ya 200, wengi wao wanafunzi waliokula chakula cha shule. Kugandisha hakuui kirusi hicho. Dalili zinachukua kama wiki nne kuonekana, macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai nyeusi, na kufikia hapo nani atakumbuka kitunga cha mwezi uliopita? Mtu anaweza kula frezi kwa ajili ya ini lake na kuliletea ini hilo ugonjwa, kwa sababu ya uvivu wa beseni moja la maji.

Nafanya hivi. Siondoi vikonyo kwanza, maana ukiving'oa maji machafu yanaingia ndani ya tunda. Naziosha kwa maji yanayotiririka kutoka kwenye jagi, siziachi zilowe kwenye maji ya udongo. Kisha naziweka kwenye maji safi yaliyotiwa klorini ya kutibu maji, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye pakiti. Nazisuuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, ndipo natoa vikonyo. Zikibaki na harufu kidogo ya klorini, inaondoka zikikauka kwenye kitambaa. Watoto wangu wameshazoea. Hawagusi kitunga kabla beseni halijapita.

Kwa nani naipendekeza? Kwa anayetaka kuacha sukre na hajui aweke nini mahali pake, ni bora kabisa. Mwenye kisukari anaweza kula sahani ndogo, nzima, bila kumwagia sukari wala maziwa matamu, na aendelee kupima. Mwenye mzio wa frezi anajua mwenyewe, midomo inavimba, ngozi inawasha. Asijaribu nguvu zake. Na asiye na 2000 franka za frezi asidhani amekosa ini zuri. Papai, mapera na lenga-lenga vipo, na Shirika la Afya Duniani linapozungumza gramu 400 za matunda na mboga kwa siku halijasema lazima ziwe nyekundu.

Ukienda Nyawera, fika kabla ya saa tatu asubuhi, wakati wanunuzi wa hoteli hawajachagua nzuri zote. Beba bakuli lako lenye kifuniko, kwa sababu mfuko wa plastiki unaziponda kabla hujafika kwenye kona ya kwanza. Mama wangu anakaa upande wa wauza karoti, na kama sahani imebaki moja ya mwisho atakupa kwa 1500.